Viazi Ambavyo Mama Hakuwahi Kuvipanda

Harufu ya maganda ya maharage yaliyoozea kwenye samadi, wengine huwafanya wazibe pua. Mimi hunirudisha utotoni. Juzi jirani yangu hapa Lushoto mjini alimwaga samadi bustanini kwake, nikaacha kufua, nikakaa kitako pale pale kando ya beseni la nguo.

Baba alipofariki, kijijini kwetu Gare, tulibaki na nyumba tu. Mashamba yote aliyashika mdogo wake, baba mdogo Hemedi, na watu walimsifu sana kwamba hakututupa. Alimwazima mama shamba. Lilikuwa limepandwa viazi msimu baada ya msimu hadi likaingia ugonjwa wa mnyauko. Ukikata kiazi, kinatoa ute.

"Shemeji, anza na hili," alisema. "Riziki anatoa Mungu."

Mama akapanda maharage. Tukapandisha samadi mlimani kwa vikapu, tukafukia maganda na majani, akafuatisha mahindi, kisha maharage tena. Tulikula maharage, jamani, mpaka kaka yangu Shabani akimaliza kuswali anaomba dua yakauke yote! Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Vumilieni. Udongo ukishakubali tutapanda viazi. Nitawakaangia mpaka mnikimbie."

Udongo ukakubali. Ukawa mweusi, laini, jembe linazama lenyewe. Ndipo baba mdogo akaja na kilo ya sukari mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akanipapasa kichwa.

"Shemeji, hili nimelipangia kabichi," akamwambia mama. "Wewe nimekutafutia lingine, kule juu."

Hilo la juu lilikuwa limechoka kiasi kwamba hata magugu yalilikimbia. Mama alisema ahsante. Nami, mjinga mimi, nilidhani tumeongezewa! Nilitangulia mbio nikalione shamba letu jipya.

Ikawa hivyo, shamba baada ya shamba. Siku moja bwana shamba alileta wakulima wajifunze kwa baba mdogo. Baba mdogo alisimama katikati ya kabichi zake, kila moja huwezi kuikumbatia, akaeleza jinsi ya kubadilisha mazao ili ardhi isichoke: viazi, halafu mahindi, halafu maharage. Watu wakapiga makofi. Nilipiga kuliko wote, maana ni baba yangu mdogo yule. Mama alikuwa pembeni anawamiminia chai. Aliniangalia kidogo, akaendelea kumimina.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nikilima kwangu. Ile miaka ya maharage aliyojisifia ilikuwa mgongo wa mama yangu. Hakutuazima shamba hata siku moja yule bwana. Alitufanyisha kazi, bila ujira, na sisi tukashukuru. Wallahi, nikikumbuka yale makofi yangu natamani nijizabe kibao.

Msimu huu baba mdogo akanipigia simu. Sauti imezeeka, lakini utamu ni ule ule.

"Mwanangu, lile la bondeni limekataa viazi kabisa. Mwambie mama yako, akitaka alitumie tu."

Nilikwenda kwa mama nikitaka tukae tumtukane pamoja mpaka jioni. Magoti yake siku hizi hayakunjiki, hata kuswali anaswali kwenye kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama mvua imeshaanza kule bondeni.

"Mama!" nikapiga kelele. "Bado tu humjui huyu mtu?"

"Namjua," akasema, akitafuta fimbo yake asimame. "Lakini safari hii labda ataniachia."