Siku niliyovaa suruali ya baba nikaendesha baiskeli hadi Mbulu, 1962

Wakuu, shikamooni walionizidi umri, ingawa sidhani kama humu mpo wengi. Wengine wote, marahaba.

Mimi ni msomaji wa kimya tangu mjukuu wangu aniwekee jukwaa hili kwenye simu. Juzi kijana mmoja aliuliza hapa kama barabara ya Karatu kwenda Mbulu inafaa kwa zile baiskeli za matairi membamba. Mkamjibu mambo ya gia na helmeti. Nikacheka peke yangu jikoni.

Barabara hiyo naijua kwa magoti. Ninayoeleza yalinitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi. Nikikosea jina la kilima mnisamehe, umri umekwenda.

Twende.

Ilikuwa Januari 1962, Uhuru hata mwezi haujaisha vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Nyumbani kwetu ni Qurus, wazazi wangu Wairaqw, wakulima wa mahindi na ngano kidogo.

Enzi hizo darasa la nne ndilo lilikuwa kizingiti. Unafanya mtihani, wengi mnarudi kushika jembe, wachache mnakwenda shule ya kati. Wasichana ndiyo usiseme. Mwaka ule kwetu msichana aliyepita nilikuwa mimi tu.

Barua ya kuitwa shule ya bweni Mbulu ikachelewa. Barua zetu zilikuwa zinaachwa dukani kwa Mzee Juma, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa na duka pale Karatu. Alituletea mwenyewe Alhamisi jioni. Ilisema niripoti Jumamosi kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Lori lililokuwa likipakia abiria limekwama korongoni, halina dalili ya kutoka.

Mama akaanza kulia taratibu. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa ya ng'ombe na mvua. Nilipofaulu mtihani aliniambia, "Haya, kachote maji."

Mzee Juma akamtazama baba, kisha akamwambia achukue baiskeli yake. Akamtahadharisha kwamba breki ya nyuma haishiki, ategemee ya mbele, na kwenye mteremko mkali ashuke.

Tukaondoka Ijumaa alfajiri. Furushi langu limefungwa kwenye usukani, mimi nimekaa kwenye keria, baba anakanyaga.

Wasioijua njia ile niwaeleze. Ni bonde, kilima, bonde, kilima. Ukigeuka nyuma unaiona milima ya Ngorongoro imevaa wingu lake. Ukitazama mbele unaona kilima kingine kinakusubiri. Kila bondeni kuna kijito, na siku zile kila kijito kilikuwa kimejifanya mto. Baba alikuwa anaibeba baiskeli begani, mimi nimemshika mkanda, tunavuka maji yakiwa magotini.

Jioni tukafika Kansay, tukalala kwa binamu yake. Mwili mzima unauma lakini nina furaha. Sikuwahi kukaa na baba siku nzima hivyo, sisi wawili tu.

Jumamosi asubuhi ndipo mambo yakaharibika.

Tulikuwa tunashuka mteremko baada ya Kansay. Baba alikuwa na haraka, hakushuka kama alivyoambiwa. Breki ya mbele ikateleza kwa tope na baiskeli ikashika kasi. Nilisikia tu, "Ruka!" Nikaruka, nikaangukia majani.

Yeye akaenda nayo mpaka kwenye jiwe.

Nilipomfikia alikuwa amekaa chini ameshika goti la kulia. Limevimba unaliona. Baiskeli, cha ajabu, usukani tu ulikuwa umepinda. Akalibana gurudumu la mbele kwa mguu mzima, akaunyoosha usukani.

Akajaribu kupanda. Hakuweza kukunja goti. Akajaribu tena, jasho likamtoka usoni. Wakuu, sikuwahi kumwona baba akishindwa kitu.

Nikamwambia turudi kwa binamu. Nikasema shule si lazima, nitamsaidia mama.

Baba akafungua kifurushi chake kidogo akatoa suruali yake ya kaki, ile ya kanisani. Alikuwa amevaa kaptula ya shamba, suruali aliihifadhi aivae atakapofika mbele ya walimu. Alikuwa na suruali moja tu ndefu duniani.

Akanipa.

"Vaa. Kwa gauni huwezi kuvusha mguu kwenye hilo bomba la baiskeli."

Mliozaliwa juzi hamwezi kuelewa uzito wake. Msichana wa Kiiraqw, mwaka ule, kuvaa suruali, tena ya baba yake. Nilikwenda nyuma ya kichaka nikavaa. Nikaikunja miguuni, nikaifunga kiunoni kwa kamba.

Sikuwahi kuendesha baiskeli hata siku moja.

Baba akashika siti kwa nyuma, anaruka kwa mguu mmoja. Nikaanguka. Nikapanda, nikaanguka tena. Mara ya tatu akaniambia kwa upole kabisa, "Ukiona unaanguka, chagua upande wenye majani." Sote tukacheka, na nadhani kule kucheka ndiko kulikonifundisha. Mara ya nne nilikwenda.

Basi tukawa hivyo. Kwenye mteremko tunashuka tunatembea. Kwenye kilima mimi nasukuma, yeye ameshika keria kama fimbo yake. Bondeni kwenye tambarare anakaa nyuma, mguu ameunyoosha pembeni, mimi nakanyaga. Alikuwa mzito kama magunia mawili. Mapaja yaliwaka moto.

Karibu na kijiji cha Daudi tulikuta watu wanapalilia kando ya njia. Mzee mmoja akasimama, akatutazama toka juu mpaka chini. Akamuuliza baba kwa Kiiraqw, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kama hana aibu kumvisha binti nguo zake.

Nikataka ardhi inimeze. Baba wala hakushuka kwenye keria.

"Nimemvisha," akasema. "Anakwenda shule."

Mama mmoja akaweka jembe chini, akaja akashika baiskeli upande wa pili. Tukasukuma naye kilima chote mpaka juu. Kule juu alinifuta tope shavuni kwa kidole gumba, akarudi shambani kwake. Jina lake silijui mpaka leo.

Mbulu tuliingia jua limeshapita utosini. Watu sokoni walisimama. Tukapita boma la zamani la Wajerumani mimi nikiwa mbele na baba nyuma, wote rangi moja ya tope.

Shuleni wasichana wenzangu walikuwa wameshaingia kula. Mwalimu mkuu, mama mrefu Mchaga, alitoka barazani na karatasi mkononi. Akasema amefunga orodha, na jina la mwingine ameshaliandika. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyechoka.

Baba hakujua Kiswahili cha kutosha. Akavua kofia, amesimama kwa mguu mmoja na kaptula yake ya shamba, akaanza kusema kwa Kiiraqw. Akaniambia nitafsiri.

Nikatafsiri mvua. Nikatafsiri lori na korongo.

Kisha akasema jambo nikanyamaza.

"Mwambie," akarudia.

Mwalimu akauliza baba amesema nini. Nikatazama chini. Nikamwambia, "Anasema, asilaumiwe mtoto. Anasema, mimi ndiye niliyeanguka, huyu ndiye aliyenileta."

Baba akaendelea, na mimi nikaendelea, machozi yananishuka. "Anasema ana watoto sita na anawapenda wote. Anasema huyu akimwonyesha kitu mara nne, anakijua. Anasema hajawahi kumwambia hivyo."

Mwalimu alitazama suruali yangu. Alitazama goti la baba. Akakunja ile karatasi.

"Avue suruali ya mzee, aoge, aje ale," akasema. "Huyo mwingine hajaja. Akija nitawabananisha kitanda kimoja."

Na kweli alikuja Jumatatu, tukabananishwa. Tulikuwa marafiki mpaka alipofariki mwaka juzi.

Baba alikaa Mbulu kwa jamaa zaidi ya wiki goti lipoe, kisha akarudisha baiskeli. Aliporudi nyumbani, mama alinisimulia baadaye, alisema tu kwamba nimefika salama.

Mimi nilisoma, nikawa mkunga, nikafanya kazi miaka thelathini na kitu. Baba hakunisifu tena usoni mpaka anaondoka duniani. Alichechemea kidogo siku za baridi, ndiyo hivyo.

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo. Wazazi wetu wengine hawana maneno ya kukupa wewe. Maneno yao huwapa watu wengine, kuhusu wewe, ukiwa haupo. Mimi nilibahatika siku moja kuwa mkalimani.

Nataka kusikia kwenu. Nani kati yenu aligundua kwa mdomo wa mtu mwingine kwamba baba au mama alikuwa anajivunia yeye? Andikeni taratibu, macho yangu hayana kasi, lakini nitasoma moja moja.