Fundi Anayeviuliza Vidole Neno la Siri

Saa tatu na robo asubuhi. Fundi wa kompyuta, ambaye wateja humwita Polepole, anafuta kibodi kwa pamba, herufi moja moja, kisha anaisogeza mbele ya mama wa makamo.

"Mama, kaa kama unavyokaa kazini."

Mama huyo ni mshonaji wa hospitali. Huwashonea watoto walioungua nguo za kubana, ili makovu yasivimbe. Vipimo vya watoto arobaini na wawili vimo katika kompyuta hii aliyoileta. Daftari la zamani lililiwa na mchwa. Aliugua wiki tatu, na aliporudi neno la siri lilikuwa limemtoka. Jumatatu watoto sita wanafuata nguo ambazo bado hajazikata, na kuwapima upya ni kuwagusa tena panapouma.

"Mwanangu, nimesahau hata umri wangu," anasema. "Ila huo nausahau kwa makusudi."

Mashine hii ukiilazimisha, vilivyomo vinapotea. Ndiyo maana Polepole huanza na vidole. Zamani yeye mwenyewe alikuwa mpiga chapa ofisini. Aliandika barua huku akisimulia habari za wanawe, na barua ikatoka safi.

"Kichwa kina mambo mengi," anasema. "Kidole kina njia yake, kama mguu unavyozijua ngazi za nyumbani gizani."

Kila wiki hupokea watu watano au sita waliosahau. Wawili, watatu, hukumbuka hivyo.

Mama anajaribu. Inakataa. Anajaribu tena. Inakataa.

"Huwa unaiwasha wakati gani?"

"Katikati ya kushona."

"Na mkononi una nini?"

Mama anakitazama kidole chake cha kati. Anafungua mkoba, anatoa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga sindano. "Hii siivui mpaka jioni."

Anaivaa. Polepole anageukia ukutani, ndivyo afanyavyo kila mteja anapoandika siri yake, na kumwuliza habari za wajukuu. Mama anamsimulia aliyeng'oka jino. Jino halijaisha kusimuliwa, chuma kinagonga kibodi, haraka kuliko maneno.

"Imefunguka," mama ananong'ona, kama mtu aliye ibadani. "Na sijui nimeandika nini."

"Neno hilo utalipiga tena kwenye ukurasa mtupu wa mashine, herufi zionekane, ulisome mwenyewe."

"Kwanza geuka uone."

Kwenye kioo cha kompyuta upo mchoro wa kiganja cha mtoto wa miaka mitatu. Kidole cha mwisho, mzunguko sentimita tatu na nusu. Polepole anaweka mkono wake kando ya mchoro.

"Miaka kumi na moja nafungua mashine za watu," anasema, "sijawahi kuona ninachokifungua."

Jumatatu atafunga chumba chake hadi saa sita, aende akamwone mtoto huyo akivaa glavu yake.

"Njoo saa mbili," mama anamwambia. "Ila ujue, huyo hulia sana."

"Nitangoja anyamaze."