Tochi Zilimgeukia Yeye

Mume wangu yuko chini ya ardhi huko kwenye machimbo ya Lusangi, lakini hajazikwa. Maji yaliingia shimoni asubuhi moja ya masika, ukuta ukaporomoka, na wachimbaji wenzake wakatoka mbio bila yeye. Kumtoa kulihitaji kitu kimoja tu, pampu ya kuvuta maji, na PDG alikuwa nayo. PDG ndivyo tunavyomwita mwenye shimo. Nilimfuata nyumbani kwake Kasongo mara nyingi, na kila mara alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Pole sana, mama. Pampu iko kwa shimo lingine. Ikimaliza kule, tutakuita."

Shemeji zangu nao walikuwa na msimamo wao: hakuna mwili, hakuna kumaliza kilio. Basi nikabaki hivyo hivyo, si mke wala mjane. Siwezi kuvua nguo nyeusi, siwezi kurudi kwa wazazi wangu, siwezi hata kucheka sokoni bila mtu kunikata jicho.

Sikuingia kwenye mchezo wa kuigiza kwa kupenda sanaa. Jirani yangu, mwalimu wa sekondari, aliongoza kikundi cha teatri, na siku moja aliniambia kwamba swali ambalo PDG analikwepa uani kwake hataweza kulikwepa mbele ya watu. Tukimwalika kama mgeni rasmi atakuja tu, kwa sababu mtu yule hajawahi kukataa kiti cha mbele. Hapo nilikubali.

Hatukuandika neno hata moja. Tuliutunga mchezo kwa kuucheza. Mmoja alionyesha jinsi mtu anavyoshuka kwa kamba, wengine wakamsahihisha, tukaanza tena. Kwetu watu wamezoea michezo ya mlevi aliyejifunga mto tumboni, kelele nyingi, kila mtu anacheka na kwenda zake. Mwalimu hakutaka hayo. Tuliazima ghala la mpunga, tukapanga magunia kwa mduara, watazamaji wakae juu yake na sisi tucheze chini katikati, ili watuangalie kama mtu anavyochungulia shimo. Kiti cha PDG mwalimu alikiweka chini pamoja nasi, kwenye nafasi iliyoachwa kati ya magunia. Nilidhani huo ulikuwa mtego, na moyoni nilimsifu mwalimu.

Kuhusu mwanga tulibishana sana. Mmoja wetu alitaka tukodi jenereta na balbu kubwa. Mwalimu alikataa, akasema mngurumo wake utatumeza. Tungefunga milango ya mabati mchana kweupe, ghala liwe giza, na watazamaji wenyewe waje na tochi za kichwani, zile za shimoni. Nusu ya watu wa mtaa wetu wanazo. Kila mmoja angemulika yule anayetaka kumwona.

Sauti yangu ndiyo iliyomsumbua mwalimu zaidi. Kila mara nilipofika kwenye sehemu yangu nililia, naye alinisimamisha.

"Usilie, mama. Ukilia, watakuhurumia, halafu wataenda kula. Uliza tu. Uliza chini chini, tena uwape mugongo."

Basi nilijifunza kuwapa mgongo na kuyaambia magunia ya upande mmoja yasiyokaliwa na mtu, mara tatu, kila mara chini zaidi: "Pampu iko wapi?" Nyuma yangu wenzangu walipiga vidole kwenye madumu matupu, kidogo kidogo, mpaka ukasikia maji yakipanda. Siku ya kwanza tulipoipata sawasawa, nywele zilinisimama.

Siku yenyewe ghala lilijaa. PDG alikuja na kofia yake, akakaa. Milango ikafungwa, tochi zikawaka juu ya magunia, zikatufuata tuliposhuka, tulipochimba, maji yalipoingia. Zote zilikuwa juu yangu nilipogeuka. Niliuliza mara ya kwanza. Mara ya pili nilisikia watu wakiacha kukohoa. Mara ya tatu niliona magunia mbele yangu yakififia, nikageuka kutazama. Tochi moja ilikuwa imeniacha na kumwendea PDG. Ikafuata nyingine. Mwisho zote zilikuwa usoni mwake, naye anakodoa macho. Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi sana. Nilisema moyoni, leo tumemshika.

Mwanamume yule alisimama. Alivua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akangoja. Nani alimfundisha kungoja? Halafu akasema kwa sauti ya chini kuliko yangu:

"Ndugu zangu, yule alikuwa kama mutoto wangu. Mi pia silali. Nasema mbele yenu: pampu itafika."

Na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, yaking'aa kwenye mwanga wa tochi zote zile. Watu walipiga makofi mpaka mabati yakatetemeka. Mimi nilikuwa nimesimama gizani katikati ya mduara, nikiwa bado na maneno yangu ya kufunga mchezo mdomoni, na hakuna aliyekumbuka kwamba yapo. Tulipotoka nje, watu walinishika mkono na kuniuliza kama nimeshamshukuru.

Mwalimu naye macho yalikuwa yakimmeremeta. "Umeona? Hakuna mutu aliyetunga ile! Imekuja yenyewe!" Nilitamani kumpiga kofi.

Pampu haikufika. Nilingoja, kisha nikapanda pikipiki mpaka Lusangi kujionea. Shimo lilikuwa limejaa maji hadi mdomoni, na majani yameota pembeni. Pampu niliisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa ikifanya kazi kwenye shimo la jirani, umbali wa kutupa jiwe.

Niliporudi, mwalimu alikuja kwangu na habari njema, ndivyo alivyoiita. PDG aliupenda mchezo. Angetoa pikipiki za kutupeleka kuucheza huko Wamaza, na ndani ya mchezo angecheza nafasi yake mwenyewe. Nilimwambia kwamba sitakanyaga huko, na kwamba yeye hana haya. Akajibu kwamba mchezo huu si wangu peke yangu tena.

Nafasi yangu walimpa binti anayejifunza ushonaji mtaani kwetu. Alikuja kuniuliza ninavyofunga kitambaa changu cheusi kichwani. Nilimwonyesha, maana yeye hakuwa na kosa. Ndiye aliyeniambia kwamba wameongeza mwisho, kwa sababu ahadi peke yake haiwatoshi watu: pampu inaletwa, maji yanavutwa, mwili unapandishwa ndani ya mkeka, na watazamaji wanashuka kutoka kwenye magunia kuubeba wakiimba.

Baadaye nilikuwa sokoni Kasongo nikinunua karanga kwa mwanamke aliyetoka Wamaza. Muuzaji wa meza ya pili alininyoshea kidole, akamwambia mimi ndiye mama wa ule mchezo. Yule mwanamke aliacha kupima, akaja kunikumbatia.

"Mama, tulimuzika bwana yako muzuri sana. Hata mi nilibeba mukeka. Sasa sababu gani uko bado na nguo nyeusi?"

Nilijitoa mikononi mwake. Nilimwambia huo ulikuwa mchezo tu. Nikamwambia mume wangu hajatoka, bado yuko ndani ya maji, leo hii, tunavyoongea.

Alinishika mkono, akanitazama kwa huruma nyingi, akaniambia polepole kama unavyomwambia mtu ambaye msiba umemchanganya akili:

"Hapana, mama. Alitoka. Sisi wote tuliona."