Chungu cha Mapacha Katika Shimo la Mafunzo

Shimo lile lilikuwa la kuigiza, na mimi ndiye niliyelitengeneza. Wataalamu wa mambo ya kale walitaka watu wa Dabani wajionee jinsi vitu vya zamani vinavyochimbuliwa, wakaniajiri nipange udongo tabaka kwa tabaka na kufukia humo vyungu vya sokoni. Vikishafukuliwa vilivunjwa kwa nyundo, ili kundi linalofuata lijifunze kuunganisha vigae.

Niliona vyungu vya sokoni havina mvuto. Nikachukua nyumbani kwa marehemu mama chungu cha midomo miwili, kilichofinyangwa dada yangu alipozaliwa pacha. Mwenzake alifariki akiwa mchanga. Chungu ndicho kitu pekee kilichobaki cha kuwakumbusha watu kwamba walizaliwa wawili. Nikakifukia kwenye kona moja ya shimo, nikajiambia nitakitoa kabla ya nyundo na jioni nitakirudisha.

Siku hiyo dada alikuja kutoka kwake Kiyeyi na akina mama wa kanisani. Wataalamu wakampa mwiko wa kuchimbia, na kona ileile yenye chungu.

"Mzee, dhahabu umeficha wapi?" dereva mmoja wa bodaboda alinitania. "Mimi nachimba tangu asubuhi, hata kijiko ya mzungu sijaona!"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natazama mkono wa dada. Ukatokea mdomo mmoja. Akapangusa kwa brashi, ukatokea wa pili. Akaacha kupangusa.

"Hiki sikukiona jana," alisema mtaalamu aliyekuwa mwalimu wetu, fomu mkononi. "Mzee, ulikitoa wapi?"

Dada aliniangalia. Ningesema palepale, yangeisha. Lakini wageni walikuwa wametoka kunisifu.

"Sokoni, Busia," nikajibu.

Dada hakunibishia. "Andika alivyosema," alimwambia mwalimu.

Mwalimu akaandika. Kisha akakitia chungu kwenye gunia kama vingine vyote, akachukua nyundo. Watu wakainua simu wapige picha. Dada alisimama kando, macho kwangu, wala si kwenye gunia. Nilijua hatanisaidia.

Nyundo ilipoinuka nikaanguka magotini, nikalikumbatia gunia.

"Ni cha dada! Nilikitoa kwa mama bila kumwambia mtu!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Dada aliuondoa mkono wangu, akakitoa chungu, akakifunga kwa leso yake.

"Kaka, ulikuwa unangoja nini?"

Nikainuka, nikajipangusa udongo magotini.

Chungu kiko Kiyeyi sasa. Nikienda kumsalimia dada, kiti napewa, chai napewa. Ila mlango wa chumba chenye chungu hufungwa kabla sijaketi.