Nusu ya Achi

Nyumba yetu ya Karaikudi, kusini mwa India, ina nguzo za msaji wa Burma na kumbi za kupokea harusi tatu kwa mpigo, lakini majiko makavu ni mawili tu. Moja langu. La pili la mama mkwe wangu, Sivakami, tunayemwita Achi kwa heshima, na kwa hilo jiko nimekoma.

Kwetu kila mwana akioa, mkewe hupewa jiko lake kwenye ua wa nyuma, hata kama wote wanalala chini ya paa moja. Achi alikabidhiwa lake akiwa kigoli. Hapo alimpikia mume, watoto, na wageni wasioisha. Mume akafa, watoto wakatawanyika, macho yakaingia ukungu, naye bado anachutama pale kila asubuhi akipika kijungu cha wali kisichoshibisha paka. Juzijuzi moto ulimshika pindo la sari. Alijimwagia maji, akaendelea kukoroga!

Kisha mwanangu Solai akaposa. Majiko mengine yote yamelowa kwa paa linalovuja, na bibi harusi lazima akute jiko lake siku anayoingia. Nikamwendea Achi.

"Achi, mwachie mke wa mjukuu wako. Nitakupikia mimi."

"Chumvi yako nani ataiweza?"

"Nitapunguza."

"Ulisema hivyohivyo ulipoolewa."

"Kwani unapika nini hapo, Achi? Wali wa kijiko kimoja!"

Akaacha kupuliza moto. "Alamelu, hekaluni wakihesabu kaya za ukoo, mke na mume ni kaya moja. Mjane ni nusu. Nikizima moto huu nile kwako, hiyo nusu yangu itakaa wapi? Kwenye sahani yako?"

Hasira ikanizidi. Basi nikatoa jiko langu. Nikajiambia mimi si mkaidi kama yule bibi. Mimi nitaketi niandaliwe.

Umayal, mke wa Solai, akaja, binti mzuri, hana neno. Siku ya kwanza alichemsha maziwa kwenye jiko langu mpaka yakafurika, kama inavyotakiwa, tukashangilia. Siku ya pili akanishika mkono kwa adabu.

"Mama, umepika vya kutosha. Pumzika. Nitakupikia mimi."

Akaniwekea wali na mchuzi wa ukwaju. Mume wangu alikula akaongeza. Mimi nilionja tonge moja, nikaisogeza sahani kando.

"Chumvi imezidi kidogo, mwanangu," nikasema.

Haikuzidi hata chembe.

Nikachukua sufuria langu dogo, nikaenda kwa Achi. Nilisimama pale nikingoja anicheke. Hakucheka. Alipapasa ukingo wa jiko, akasogeza kijungu chake kando.

"Weka hapo kushoto," akasema. "Na kuni ulete zako."