Baiskeli Yangu, Miguu ya Mwenzangu

Nilivunjika nyonga mwaka tuliohamishiwa kijijini. Amri ilikuwa kila mtu atoke kwenye migomba yake ashuke akajenge kando ya barabara, nami sikutaka kuacha mabati yangu, maana upande ule wa Nyakisasa nyumba za bati zilikuwa chache na mimi mwalimu nilijivunia yangu. Nikapanda juu ya paa kuyang'oa. Boriti ikakatika. Nilifikishwa Mwanza nikiwa nimelala juu ya lori la kahawa, na huko daktari akatoa kichwa cha mfupa kilichovunjika, akaniwekea cha chuma.

"Mwalimu," aliniambia, "baada ya miezi sita utatembea."

Kweli nilitembea. Ila sikuwa nimewaza kwamba kidonda kinaweza kufunga vizuri na maumivu yakabaki ndani.

Asubuhi nyonga iligoma, mpaka nizunguke nyumba mara mbili nikishika ukuta ndipo ilegee. Nikikaa sana ilichoma pajani hadi gotini. Nikisimama sana ilinivuta kiuno. Nilikatazwa kuchuchumaa, kukunja nne na kukaa kwenye kigoda. Fundi alinitengenezea kiti kirefu cha kulia na kingine chenye tundu cha kutumia chooni. Shuleni nilifundisha nimeegemea meza. Mke wangu alinikanda kwa kitambaa cha maji moto, na vidonge vya maumivu vikiisha alivifuata hospitali ya misheni, mwendo wa saa tatu kwa miguu.

Baiskeli ndiyo iliyonishinda kabisa. Mguu haukuinuka kuvuka fremu. Ilisimama ukutani, naipangusa vumbi kila Jumamosi.

Mwalimu wa hesabu alikuwa jirani yangu, kijana wa Shinyanga aliyepangiwa shule yetu. Siku moja vidonge vilipoisha alisema, mke wangu akiwapo:

"Mwalimu, niazime baiskeli nimpeleke shemeji. Mchana tutakuwa tumerudi."

Ningekataaje? Vidonge vilikuwa vyangu.

Akairukia baiskeli kwa mguu mmoja, bila hata kuangalia chini. Mke wangu akakaa upande kwenye keria, akashika shati lake. Nilibaki mlangoni na gongo langu. Ukweli ni kwamba nilimwonea wivu wa nyonga kabla ya kumwonea wivu wa mke. Ule mguu ulivyopita juu ya siti! Niliufikiria kutwa nzima. Waliporudi wanacheka, ndipo na ule wivu mwingine ukaingia.

"Mlikuwa mnazungumza nini njiani?" nilimuuliza mke wangu.

"Mambo ya njiani tu."

Jibu hilo lilinikaa rohoni. Safari ya pili niliangalia alipoweka mkono. Safari ya tatu sikungoja niangalie. Kabla kijana hajafika nilifungua vali ya gurudumu la nyuma, nikatoa kile kimpira kidogo kinachozuia upepo, nikakitia mfukoni.

Kijana alipiga pampu mpaka jasho likamtiririka. "Haishiki upepo, Mwalimu."

"Basi mtaenda siku nyingine," nilisema.

Mke wangu alijifunga kanga ya pili. "Vidonge vimeisha tangu juzi, na jana umeshindwa hata kwenda shule. Nitaenda kwa miguu."

Mvua ilinyesha adhuhuri. Jua likikaribia kuzama ndipo nilimwona akipandisha kilima, viatu mkononi, anachechemea kama mimi. Aliingia, akanipa vidonge kabla hajavua kanga iliyolowa, akaenda kuniletea maji. Nilivishika kiganjani, nikashindwa kuvimeza. Nikatoa kile kimpira, nikakiweka mezani.

Alikichukua. "Umenitembeza kutwa nzima kwa ajili ya hiki?"

"Nilikuwa na wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa miguu yake. Na wa wewe kukaa nyuma yake."

Alivuta kiti changu kirefu, akakikalia yeye. "Nimeolewa na wewe kabla ya chuma na baada ya chuma. Shati la mtu nalishika nisidondoke." Kisha akasema, "Sipakiwi tena na mtu. Utanifundisha mwenyewe."

Miaka ile kwetu mwanamke juu ya baiskeli alikuwa kichekesho. Tulikwenda uwanja wa mpira jioni, baada ya kazi ya shamba la ujamaa, na wanaume waliacha bao lao waje kutazama. Mama yangu mzazi aliniuliza kama nimemwandikisha mke wangu upolisi, apande baiskeli kama askari. Nilishika keria kwa mkono mmoja na gongo kwa mwingine, nikimfuata huku nyonga inawaka. Alianguka mara tatu. Jioni ya nne aliniponyoka, akazunguka uwanja mzima peke yake, watu wakashangilia. Nami nilisimama pale nikamwonea wivu yeye sasa, mke wangu mwenyewe, kwa magoti yake mawili yaliyokuwa yakipanda na kushuka.

Miaka michache baadaye vita vilipoanza mpakani, mgambo waliitwa, na mwalimu wa hesabu alikuwamo. Habari hiyo ilinifurahisha kwanza. Aibu ilikuja baadaye. Alipokuja kuaga, watoto wa shule walikuwa nje wakimwimbia, na hata wimbo ule niliutamani.

"Wewe una bahati, Mwalimu," alisema akiangalia gongo langu. "Hakuna atakayekuita na nyonga hiyo."

Nilitaka kumpiga nalo. Kisha nikaona mdomo wake unatetemeka. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuitamani nyonga yangu. Nilimshika mkono, nikamwambia arudi salama, na nilimaanisha.

Alirudi salama. Akahamishiwa Biharamulo, akaoa huko.

Mimi nilirudi Mwanza kupigwa picha ya eksirei. Daktari aliinyanyua dirishani, akaniambia chuma kimekaa sawasawa, ila maumivu mengine itabidi niishi nayo. Nimeishi nayo. Nimejifunza kutembea kidogo kila siku badala ya kutembea sana siku moja, na kulala mto ukiwa katikati ya magoti. Wivu haukupata dawa. Nikimwona mtu anainama kufunga kamba za viatu bila kufikiri, roho bado inaniuma. Mke wangu akiwa karibu namwambia, "Huyo nimemwonea wivu."

"Sawa," hunijibu. "Twende."