Mama Kwenye Foleni ya Kujiandikisha

Mama yangu hakuwahi kupiga kura. Siku za uchaguzi, ploti yetu ya wapangaji pale mtaani Kware ikibaki tupu tangu alfajiri, yeye aliteleka chai kwenye sufuria kubwa, na majirani waliporudi na wino vidoleni waliikuta tayari. Ukimuuliza, alisema siasa ni ya watu wenye nafasi. Nilikua nikiamini hivyo, na nilipokuwa mtu mzima nilimwonea haya kidogo.

Kisha nikapata kazi ya mwezi mmoja, ukarani wa kuandikisha wapiga kura. Meza yetu iliwekwa nje ya shule ya msingi, chini ya hema, na mashine ya kupiga picha na kuchukua alama za vidole. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kilichochosha ni maswali, ingawa baadaye niliyapenda. Kijana mmoja aliniwekea mezani ile karatasi ya kusubiri kitambulisho.

"Niaje, madam. Hii si inatosha?"

"Haitoshi. Lete kitambulisho chenyewe, ama pasipoti ambayo haijaisha muda."

"Na nishafika kumi na nane?"

"Hata ukifika thelathini."

Alicheka, akakunja karatasi yake akaenda.

Mama alizoea kuniletea chakula saa saba. Alhamisi ya wiki ya pili alinikuta nikizungumza na fundi wa viatu, aliyeuliza kuhusu ndugu yake aliyetoka jela.

"Alifungwa kwa nini?" nikamuuliza.

"Aliiba mabati."

"Basi aje. Anayezuiwa ni aliyehukumiwa kwa kosa la uchaguzi, kama kununua kura, na miaka mitano haijapita. Na yule aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Wengine wote, bora uwe raia, mtu mzima, una kitambulisho."

Nilipogeuka kupokea chakula, Mama alikuwa bado amekishika.

"Una uhakika na hayo unayosema?"

"Ndivyo sheria inavyosema, Mama."

Alikiweka mezani akaondoka bila kungoja nile. Si kawaida yake. Huwa haachi chombo chake kwa watu.

Kesho yake alikuja asubuhi, amevaa rinda la kanisani, na hakupitia upande wangu wa meza. Alipanga foleni kama wengine, karibu saa nzima, wala hakuniangalia. Zamu yake ilipofika aliweka kitambulisho mbele yangu, akainama.

"Mimi nilifungwa," alisema kwa sauti ya chini. "Miezi minane, kwa kuuza pombe ya chang'aa. Wewe ulikuwa na miaka sita."

Niliukumbuka mwaka ule. Nilipelekwa kwa nyanya huko magharibi, nikaambiwa Mama amepata kazi ya nyumba Mombasa. Shuleni niliwasimulia wenzangu juu ya bahari ambayo mama yangu anaiona kila siku.

"Mwenzangu mmoja mle ndani alituambia mfungwa hapigi kura tena maisha yake yote," akaendelea. "Nikaona aibu kumuuliza mtu mwingine. Sasa wewe sema. Naweza?"

"Unaweza. Miaka yote hiyo ungeweza."

Aliyekuwa nyuma yake alikohoa. Nilitamani kuzunguka meza nimkumbatie, lakini nilimuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, naye akanijibu kwa adabu kama karani asiyemjua. Vidole vilisumbua. Miaka ya kufulia watu nguo imeila ile mistari, na mashine ilikataa mara tatu kabla ya kukubali. Katika picha ya kwanza alikuwa amefumba macho.

"Hii itakaa na serikali," akasema. "Nipige vizuri."

Foleni ikacheka. Nikapiga nyingine.

Jioni tulikaa tukichambua kunde, akanisimulia: alivyokamatwa, alivyolala sakafuni, nyimbo walizoimba wakilima. Aliongea bila haraka, na mara mbili alicheka mwenyewe. Nilimuuliza mbona hakuniambia.

"Ulikuwa unaifurahia sana hiyo bahari," alisema.

Sikukasirika. Nilijiona kama mtu aliyeongezewa chumba nyumbani kwao.

Jumatatu alirudi mezani kwangu na jirani yetu wa ghorofa ya nne, mama anayeuza mitumba, akimvuta mkono.

"Huyu anadhani mpangaji haandikishwi, eti mpaka uwe na nyumba yako," Mama akasema. "Mwelezee vile ulimwelezea fundi wa viatu."

Nikaeleza. Mama alisimama kando akiitikia kwa kichwa kila nilipotua, na mara moja akanikatiza kuongeza kwamba mtu huandikishwa mara moja tu, akihama anahamisha kituo chake. Alikuwa sahihi, sijui aliyapata wapi. Jirani alitusikiliza sote wawili, kisha akafungua fundo la leso kiunoni, akatoa kitambulisho chake.